Kandambili iliyobaki mlangoni: kisa cha fundi na mguu wake wa kushoto

Mkewe aliingia nyuma yake akiwa ameshika kandambili moja. Akaiweka chini karibu na mguu wa mumewe bila kusema neno, kama jambo alilokwisha kulizoea. Nikamuuliza, "Vipi dada, imekatika?"

"Haijakatika, daktari. Imemchopoka pale mlangoni. Siku hizi inamchopoka, na mwenyewe hana habari mpaka mtu amwambie."

Fundi alikuwa amekumbatia bahasha kubwa ya picha za MRI, na nyumbani walikuwa wamekwisha kuanza kutafuta mteja wa kiwanja ili apelekwe India. Lakini habari iliyonishtua siku ile haikuwa ndani ya bahasha. Ilikuwa pale sakafuni. Mkanda wa kandambili hukaa kati ya kidole gumba na kidole cha pili, na ngozi ya hapo hupata hisia zake kutoka kwenye mzizi mmoja wa neva unaotoka kiunoni, ule tunaouita L5. Mzizi huohuo ndio unaoinua gumba na kulifanya libane mkanda usitoke. Mtu akivuliwa kandambili na mwendo wake mwenyewe asijue, mambo mawili yamepotea kwa mpigo: hisia na nguvu.

Mimi ni mfiziotherapia katika hospitali moja mjini Morogoro. Wagonjwa hutuita madaktari wa mazoezi. Fundi ameridhia kisa chake kiandikwe, na nimebadilisha mambo machache asitambulike. Nakiandika kirefu kwa sababu kila wiki napokea watu walioambiwa "una siatika" au "pingili zimesagika", wakaishia hapo, kana kwamba jina ndilo jibu. Siatika ni jina la njia ambayo maumivu yanapita: kiunoni au takoni, nyuma au pembeni mwa paja, chini ya goti, hadi mguuni. Kinachoyasababisha ni suala jingine, na lazima litafutwe.

Ilivyoanza

Fundi ana miaka 38. Hujenga, hupiga lipu, huweka marumaru. Kwa miaka kadhaa kiuno kilikuwa kikimkaza siku mbili tatu kisha kinaachia, na hakuona ajabu, kwani nani aliye kwenye zege asiyelalamikia kiuno? Siku moja ya Februari aliinua ndoo ya zege kutoka chini, akageuka nayo kumpa mwenzake aliye juu ya jukwaa. Alisikia kitu kama kamba inayokatika. Alimaliza kazi ya siku hiyo. Asubuhi yake hakuweza kuinama kunawa uso.

Siku ya nne maumivu yalishuka. Yalianzia takoni, yakapita pembeni mwa paja, yakashuka upande wa nje wa mguu chini ya goti, yakavuka juu ya wayo na kuishia kwenye gumba. Alinichorea kwa kidole, mstari mmoja, bila kusita. Akipiga chafya, "umeme" unapiga hadi gumbani. Akikaa kwenye stuli dakika kumi anainuka analia, akisimama anapata nafuu. Alilala kwa ubavu, magoti yamekunjwa, mto katikati.

Na kadiri mguu ulivyozidi kuuma, kiuno chenyewe kilipoa. Hilo lilimchanganya, na huwachanganya wengi: wanaamini ugonjwa wa mgongo umeisha na umekuja mwingine wa mguu. Mama yake, bibi mwenye miaka sabini na kitu, alisema huo ni mshipa wa ngiri umeshuka, akamleta mchuaji. Kwenye zahanati alichomwa sindano tano za diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu, na kupewa dawa za UTI. Jambo hili la UTI linanisumbua sana. Maambukizi ya njia ya mkojo na uti wa mgongo ni vitu viwili visivyohusiana, ila herufi tatu zile zimefanana na neno letu, na nimeona watu wengi wakimeza antibayotiki kwa kiuno kinachouma bila dalili hata moja ya mkojo. Kisha dukani akauziwa mkanda wa kiuno na vidonge vya vitamini.

Wiki ya tatu alifika kwangu mara ya kwanza. Sitakificha kilichotokea. Benchi la nje lilikuwa limejaa, nikasikiliza hadithi yake, nikainua mguu wake, nikaridhika kwamba ni neva inayotoka kiunoni, nikamfundisha mazoezi mawili na kumpa tarehe. Sikumpima nguvu za gumba. Haichukui hata nusu dakika. Aliporudi wiki ya sita na kandambili mkononi mwa mkewe, kadi yake haikuwa na namba ya kulinganisha, na mimi ndiye niliyekosa kuiandika. Sikuweza kujua kama udhaifu ule ni wa tangu mwanzo, au umeingia juzi na unazidi. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama mgonjwa asubiri au akimbizwe.

Mkewe ndiye aliyetuokoa. Alikumbuka kwamba kandambili ilianza kubaki njiani walipokwenda msibani Turiani, na tangu msiba ule zilikuwa zimepita wiki mbili kamili. Tangu hapo, je, imezidi? Akafikiri. "Hapana. Iko vilevile."

Nilichopima mara ya pili

Nilianza na kumtembeza. Kwa ncha za vidole alikwenda vizuri. Kwa visigino, mguu wa kulia ulisimama na wa kushoto ukaanguka, vidole vikapiga sakafu. Nikambonyeza gumba kwa kidole changu kimoja nikamwambia alivute kuelekea kwake. La kulia sikuliweza. La kushoto liliinuka lenyewe, lakini nilipoligusa tu likashuka. Kwa kipimo chetu cha nguvu za misuli, ambacho ni sifuri hadi tano, hiyo ni tatu.

Alipolala chali nikainua mguu wa kushoto ukiwa umenyooka. Ulipofika kama theluthi ya njia kuelekea kusimama wima, umeme ukapiga hadi gumbani. Nikauinua wa kulia, ule mzima, na maumivu yakaja kushoto. Kipimo hiki kina jina la Charles Lasègue wa Paris, ingawa aliyekiandika, mwaka 1881, ni mwanafunzi wake Forst. Kuinua mguu mbovu kukauma hutokea kwa wengi. Kuinua mguu mzima ukauma ule mbovu hutokea kwa wachache, na kwa hao kuna uwezekano mkubwa kwamba diski, ule mto laini ulio kati ya pingili mbili, imetokeza na kuukandamiza mzizi.

Nikajilazimisha kuuliza: inaweza kuwa nini kingine?

Mtu anayeweka marumaru huchuchumaa kutwa nzima. Chini kidogo ya goti, upande wa nje, kuna neva inayozunguka mfupa mwembamba, iko karibu kabisa na ngozi, na kuchuchumaa kwa saa nyingi kunaweza kuibana mpaka mguu ukaanguka vilevile. Nimewahi kuona hivyo kwa wavunaji na kwa mafundi. Namna ya kutofautisha ni kupima misuli ambayo neva hiyo haiigusi lakini L5 inaigusa. Nilimwambia ageuze unyayo kwa ndani nikimzuia: dhaifu. Nikamlaza kwa ubavu wa kulia, nikamwambia ainue mguu wa kushoto kwenda juu: nilipoukandamiza ukashuka, kulia haukushuka. Misuli hiyo ya pembeni mwa nyonga iko mbali sana na goti. Basi tatizo liko juu, kwenye mzizi.

Vipi zile sindano tano? Sindano ya tako ikichomwa vibaya inaweza kuiharibu neva kubwa ya siatiki moja kwa moja, na mguu ukapooza. Ndiyo maana hufundishwa kuchoma robo ya juu ya nje ya tako, au kuhamia pajani. Aliyechomwa neva kwa kawaida huikumbuka sindano yenyewe, kwa sababu moto hushuka mguuni papo hapo. Fundi alisema zote alichomwa kulia, "nani angekubali kuchomwa huku kunakouma?" Likaondoka hilo.

Nyonga yake ilizunguka bila shida. Hili lisipitwe haraka. Nyonga iliyolika au iliyokufa mfupa, kama inavyotokea kwa baadhi ya wenye selimundu, huuma kwenye kinena na mbele ya paja hadi gotini, na mgonjwa hukuambia hawezi kuvaa soksi, kukaa mkao wa kula mkekani, wala kuchuchumaa chooni. Huyo akipigwa MRI ya mgongo itaonyesha kitu fulani, na atatibiwa mgongo miaka miwili huku nyonga inaoza.

Mapigo ya damu juu ya wayo niliyapata. Sukari ilikuwa ya kawaida. Na hata hivyo kisukari huanzia vidoleni kwa miguu yote miwili na kupanda kama soksi, hakishuki mstari mmoja upande mmoja. Goti na kisigino viliitikia nyundo ya mpira sawasawa, hivyo mizizi ya juu na ya chini ya L5 ilikuwa salama. Mzee wa miaka 70 angenipeleka kwenye swali tofauti kabisa: je, ukitembea kidogo miguu inakuwa mizito mpaka uiname au ukae, na ukiendesha baiskeli husikii kitu? Huo ni mfereji wa uti wa mgongo uliopungua nafasi, na hadithi yake ni nyingine.

Kisha nikamwomba mkewe atupishe kidogo. Kuna maswali mawili ambayo mwanamume hatakujibu mbele ya watu, na ukiyauliza kwa lugha ya kitabu hata peke yake hatakujibu. "Fundi, ukienda chooni, ukichamba, maji unayasikia kama zamani?" Alinitazama, akaelewa kwamba sifanyi mzaha. "Nayasikia." "Mkojo unakuja wenyewe, au unasubiri sana, au unatoka bila taarifa? Na mambo ya ndani na mama?" Vyote sawa, ila mambo ya ndani yamepungua kwa sababu ya maumivu. Nilishusha pumzi. Ganzi sehemu ile inayokalia tandiko la baiskeli, mkojo kugoma au kuvuja, miguu yote miwili kuishiwa nguvu: hiyo ni dharura. Diski imeubana mkia mzima wa neva, na bila upasuaji wa haraka mtu anaweza kubaki na mpira wa mkojo maisha yake yote. Wengi hawasemi kwa aibu. Kwa hiyo jukumu la kusema ni letu.

Swali la usiku

Swali la mwisho ndilo ninaloliogopa zaidi katika nchi yetu. "Usiku je?" Maumivu ya fundi yalitulia akilala vizuri. Hakutoka jasho la kulowesha shuka, hakupungua uzito, hakuwa na homa za jioni. Nikagonga pingili zake moja moja kwa ngumi laini na hakuna iliyolalamika.

Ninayemtafuta kwa maswali haya ni kifua kikuu cha mifupa. Percivall Pott wa London alikieleza mwaka 1779, na bado tunacho. Bakteria hukaa kwenye pingili mbili zinazopakana, hula mfupa polepole, na usaha wake unaweza kushuka kwenye msuli wa ndani ya kiuno mpaka pajani, mtu akatembea amekunja nyonga ukadhani ni siatika. Maumivu yake hayana pa kupumzikia. Hayaanzi siku ya ndoo ya zege, yananyemelea. Na mgonjwa anaweza asikohoe hata mara moja, hivyo hakuna anayemfikiria. Nimempokea kijana aliyechuliwa na kuvalishwa mkanda miezi saba, na alipovua shati niliona kibiongo kimeanza, pingili moja imechongoka katikati ya mgongo. Neno tunalo tangu zamani, ugonjwa nyuma ya neno tumeusahau. Kijana yule alitumia dawa mwaka mzima na anatembea, lakini mgongo haukunyooka tena. Dawa hizo hutolewa bure katika vituo vya serikali. Alichopoteza ni ile miezi saba.

Kwa wafugaji, au wanywaji wa maziwa mabichi, nauliza pia kuhusu ugonjwa wa kutupa mimba kwa ng'ombe wao, kwa maana ugonjwa huo, brusela, nao hupenda pingili za kiuno.

Bahasha

Ripoti ya MRI ilisema mambo mengi. Diski kati ya L4 na L5, yaani pingili ya nne na ya tano za kiuno, imetokeza kushoto na kugusa mzizi wa L5. Diski nyingine mbili zimechakaa. Pingili zina vichongo vidogo. Kaka yake, aliyetoka Dar es Salaam na ndiye mwenye usemi kwenye familia, alikuwa amesomewa na mtu akatafsiriwa hivi: "pingili tatu zimesagika, asipopasuliwa atapooza."

Niliwachorea diski kwa kutumia dafu. Nje kuna makumbi, nyuzi ngumu zilizopishana. Ndani kuna kitu laini chenye maji. Diski nayo ina pete za nyuzi nje na ute ndani, na kazi yake ni kupokea uzito kati ya pingili mbili. Miaka ikienda, ute hupungua maji na nyuzi huanza kuchanika kidogo kidogo. Siku ukiinama na kuzungusha kiuno huku umebeba, ute unaweza kusukumia ukuta uliochoka na kutokeza nyuma, mahali mzizi unapopita.

Ilichukua muda mrefu dunia kulielewa hili. Ni mwaka 1934 tu ambapo Mixter na Barr, madaktari wa Boston, walionyesha kwamba vinundu vilivyokuwa vikitolewa mgongoni na kudhaniwa uvimbe vilikuwa vipande vya diski. Tangu hapo tukaegemea upande wa pili, kila maumivu tukayabebesha diski. Mwaka 2015 watafiti walikusanya picha za watu zaidi ya elfu tatu ambao hawakuwa na maumivu yoyote ya mgongo. Kwa wenye miaka 20, asilimia 37 walikuwa na diski zilizochakaa. Kwa wenye miaka 40, asilimia 68. Kwa hiyo zile diski mbili nyingine za fundi zilikuwa mvi za ndani. Hakuna anayepasuliwa kwa mvi. Diski iliyohusika ni moja, na ninaiamini kwa sababu ilikubaliana na gumba, na mstari aliouchora kwa kidole, na kandambili. Kama picha ingeonyesha diski ya kulia huku mguu unaouma ni wa kushoto, ningeiamini miguu.

Kikao

Tulikaa kwenye chumba changu, watu watano. Kaka mtu alitaka India. Bibi alitaka mchuaji. Mke alitaka kuambiwa ukweli. Fundi alikaa pembeni ya kitanda, tako moja hewani, anatokwa jasho.

Nilimwambia kaka mtu kwanza kwamba upasuaji huu hauhitaji kupanda ndege. Unafanyika nchini, na pale MOI, taasisi ya mifupa ya Muhimbili, ni kazi yao ya kila siku. Kisha nikamwambia la pili, ambalo hakulipenda: huenda hauhitajiki kabisa. Ute uliotoka nje si mfupa wala jiwe. Mwili huuona kama kitu kigeni, huushambulia na kuumeza kidogo kidogo, na vipande vikubwa vilivyochomoka mara nyingi hupungua kuliko vidogo. Tena sehemu kubwa ya maumivu haitokani na kubanwa tu. Ute wenyewe huuwasha mzizi, ukavimba na kuwa mkali kama kidonda, na mwasho huo hutulia wiki zikipita.

Uholanzi walilipima jambo hili wakatoa matokeo mwaka 2007. Wagonjwa 283 wenye siatika kali ya wiki 6 hadi 12, ukiondoa wale ambao mguu umepooza, waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine wapasuliwe mapema, wengine wasubiri na upasuaji ubaki akiba. Waliopasuliwa walipona haraka zaidi. Baada ya mwaka, asilimia 95 ya kila kundi walikuwa wamepona. Lakini niliwaambia na nusu nyingine ya habari, maana kuificha ni kudanganya: katika kundi la kusubiri, asilimia 39 mwishowe walipasuliwa, maumivu yaliwashinda. Kusubiri kuna gharama yake, na mwenye kuilipa ni anayeumwa.

Daktari bingwa wa upasuaji tuliyempelekea rufaa alimpima upya na kutoa sharti lililo wazi. Gumba bado linajiinua, na nguvu zake hazizidi kupungua. Asubiri wiki sita kwa kuangaliwa. Lakini gumba likishindwa kujiinua, au mkojo ukigoma, au ganzi ikiingia sehemu za siri, asingoje tarehe ya kliniki, aje usiku huohuo.

Kiwanja hakikuuzwa.

Wiki zilizofuata

Mpimaji tuliyemteua alikuwa mke. Nilimfundisha pale pale: kila jioni baada ya chakula, mumeo akae kitandani, umwambie avute magumba yote mawili, ubonyeze kila moja kwa kidole kimoja, uandike. Daftari la shule la mtoto wao likawa kadi ya hospitali bora kuliko ile yangu. "Leo sawa na jana." "Leo nguvu kidogo." Nililitazama kila Jumatatu.

Fundi alikuwa amelala ndani kutwa kwa siku kumi na moja, akiamini kwamba kujigeuza kutaichomoa diski zaidi. Nililipinga hilo kwa nguvu zote. Uholanzi hukohuko, mwaka 1999, watu 183 wenye siatika waligawanywa, nusu walale kitandani wiki mbili, nusu waendelee na maisha kadiri wanavyoweza. Baada ya wiki 12, asilimia 87 ya kila upande walikuwa na nafuu. Kitanda hakikuongeza kitu, na kwa mtu anayekula kwa jasho lake kinaondoa vingi. Tukaanza na kutembea hadi kwa jirani na kurudi, mara sita kwa siku. Kisha kulala kifudifudi, kujiinua kwa viwiko, baadaye kwa mikono, kiuno kikibaki chini.

Nilimpa alama ya kuangalia. Zoezi likiyaondoa maumivu gumbani yakabaki kwenye shavu la mguu, kisha pajani, kisha takoni, basi tunakwenda vizuri, hata kama kiuno chenyewe kitauma zaidi. Zoezi likiyapeleka chini, liache. Wagonjwa hulikuta hili kinyume cha matarajio yao, na wengi hukata tamaa siku kiuno kinapoanza kuuma upya, wakati hiyo ndiyo habari njema.

Sindano za tako zilikoma. Diklofenaki tuliiwekea mwisho, maana ikitumika mwezi baada ya mwezi inachubua tumbo na kuumiza figo, na faida yake kwa siatika ni ndogo. Pregabalini, dawa ya maumivu ya neva, alikuwa ameandikiwa mahali pengine na inamgharimu. Nilimweleza utafiti wa Australia wa mwaka 2017 wenye wagonjwa 209, ambapo haikukishinda kidonge kisicho na dawa ndani yake na iliwapa watu wengi zaidi kizunguzungu. Alirudi kwa daktari wake, wakakubaliana kuipunguza taratibu.

Bibi nilimwendea kwa heshima. Nilikuta mchuaji alikuwa akimkanyaga mgongoni kwa kisigino. Nikamwambia, "Bibi, mkono wako na mafuta ya nazi havina ubaya, mpake jioni alale. Kisigino cha mtu mgongoni kwake, hapana." Alikubali. Baadaye mkewe aliniambia kwamba usiku ambao bibi alimkanda, fundi alilala vizuri zaidi. Ninaamini.

Wiki ya tisa maumivu yalikuwa yamepanda hadi nyuma ya goti. Wiki ya kumi na moja yalibaki takoni. Ya kumi na nne alirudi kazini, na hapo tulipanga kazi kama tunavyopanga dawa: aanze na lipu ya usawa wa kifua, aache marumaru na msingi. Mfuko wa saruji una kilo 50. Ubebwe na wawili au usogezwe kwa toroli. Ndoo ya zege ijazwe nusu, na ageuke kwa miguu, asizungushe kiuno. Msimamizi wake alilalamika siku mbili tatu, kisha akazoea. Kwa miezi ile alivaa katambuga zenye mkanda wa nyuma, kwa sababu kandambili ilikuwa bado haikai.

Gumba lilichelewa kuliko maumivu, na ndivyo ilivyo kawaida. Neva hujijenga polepole. Mwezi wa nne daftari lilisema "nguvu, lakini namshinda". Mwezi wa saba lilisema "simshindi". Akatembea kwa visigino ukumbini kwetu kutoka mlango hadi dirisha, na vidole havikugusa chini.

Ziara ya mwisho alikuja peke yake, amevaa kandambili, akazivua mlangoni kama desturi. Nikapima kila kitu, nikaandika namba zote kwenye kadi. Doa la ganzi kati ya gumba na kidole cha pili limebaki, dogo kama sarafu, na nilimwambia kwamba huenda lisiondoke. Alipotoka alivaa ya kulia bila kutazama. Ya kushoto aliivaa, kisha akainamisha kichwa kuangalia kama mkanda umekaa mahali pake.